Triga ya Mtani Wangu

Watu wanaomiliki bunduki nawadharau karibu wote, na kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza bunduki, riziki yangu inatoka kwa watu ninaowadharau. Sioni aibu kulisema. Kinyozi naye anajua vichwa vya wateja wake vilivyo, ila yeye hasemi. Karakana yangu iko Mabawa, Tanga mjini, chumba kimoja chenye mlango wa chuma na dirisha la nondo, na leseni yangu ya polisi nimeitundika mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Wanaingia wazee wa mashambani na magobore yaliyoliwa na kutu. Wanaingia walinzi na shotgani ambazo hazijaonja mafuta tangu zitoke kiwandani. Na mara mojamoja huingia bwana mkubwa mwenye bunduki ya maana, asiyejua hata ifunguliwe wapi ili isafishwe. Huyo wa mwisho ndiye ninayemdharau kuliko wote, na katika habari hii huyo wa mwisho alikuwa mtani wangu.

Mimi ni Mzigua. Yeye ni Mnyamwezi, mjukuu wa manamba, kibarua wa kuitwa kwa namba, aliyeletwa kukata mkonge enzi za mkoloni, akabaki, akazaa, akazikwa huku huku, na ukoo wake wote ni Wakatoliki wa kambi za mkonge. Kati ya Mzigua na Mnyamwezi kuna utani. Asiyeujua utani aelewe hivi: naweza kumtukana mbele ya mkewe, mbele ya padri wake na mbele ya maiti, naye haruhusiwi kukasirika. Naweza kumkamata kuku wake nikaondoka naye, na akimtaka itabidi amkomboe. Naye ana haki hiyo hiyo juu yangu. Baba yangu alipofariki, huyu bwana aliingia uani akavaa kanzu ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akiiga namna mzee alivyokuwa akipiga chafya na kulalamikia chai, na mama yangu, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi yake, akacheka mpaka akaomba maji. Ndiyo kazi ya mtani, na siku ile aliifanya vizuri.

Nje ya misiba alikuwa mtu wa kudharaulika, nami nilimdharau kwa moyo mweupe.

Alikuwa na malori mawili ya kubeba mchanga na vibanda vichache vya wageni kule Ushongo. Ukutani pale mapokezi alikuwa ametundika meno ya nguruwe pori, makubwa, yaliyopakwa vanishi, na chini yake picha yake mwenyewe ameshika bunduki. Wageni wakiuliza, anawasimulia. Nimewahi kukaa pale nikinywa soda nikamsikia akimwambia mzungu mmoja mzee kwamba nguruwe yule alimkimbilia kutoka kichakani naye akampiga katikati ya macho. Mimi namjua aliyemuua nguruwe yule. Aliuawa na lori lake, barabarani, na dereva ndiye aliyeyang'oa meno. Nilipomwambia mbele ya mgeni wake kwamba aeleze pia namba ya gari lililomsaidia kuwinda, alicheka kwa sauti, akamtafsiria mzungu kwamba mimi ni mtani wake na kwamba watani husema uongo. Mzungu akanicheka mimi. Hivyo ndivyo utani ulivyokuwa ukimfaa: ukweli wote niliousema juu yake uligeuka mzaha kabla haujafika chini.

Bunduki yake aliinunua kwa mzungu mwingine, meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Karatasi zote zilikuwa sawa, kwa hilo siwezi kumlaumu. Mara ya kwanza aliponiletea niisafishe, niliifungua nikaisogeza kwenye mwanga. Mtambo wake, yaani ile sehemu ya chuma ya katikati ambamo bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, huingia na kutoka, haukutoka kiwandani. Ulichongwa kwa oda, na fundi mmoja, mkono mmoja, huko Ulaya. Bolti ilikuwa ikiteleza ndani yake bila kelele kabisa. Hakukuwa na alama ya tupa mahali popote, hata ndani kule ambako mwenye bunduki hataangalia maisha yake yote. Nilikaa nayo mchana mzima bila kuifanyia kitu, na nilipoiona sura ya mwenyewe imerudi mlangoni, na kofia yake pana yenye mkanda wa ngozi ya chui ya plastiki, roho iliniuma kama mtu aliyeona karatasi za msahafu zimefungiwa maandazi.

Alikuwa hana shabaha. Na mtu asiye na shabaha hatasema kamwe kwamba hana shabaha; atasema upepo, atasema risasi mbovu, atasema darubini. Mtani wangu aliamua kuisingizia triga, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole. Ile ya zamani kweli ilikuwa imelika, ikivutika kwa mikwaruzo, lakini mzungu wa watu aliua nayo kila alichokilenga. Basi mtani akaagiza triga mpya kutoka nje kwa simu, ikaja katika kasha dogo zuri kuliko la pete, akaniwekea mezani.

"Ni kuchomeka tu," akasema. "Nimeona kwenye video. Jamaa anagonga pini mbili, anachomoa, anachomeka, kwisha. Hata chai haijapoa."

"Kama ni kuchomeka tu, umeileta kwangu ya nini?"

"Nimekuonea huruma, Mzigua. Nawe upate cha kumpelekea mkeo."

Nimweleze mtu asiyejua bunduki kosa la mtani wangu lilikuwa wapi. Triga ile ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki za kiwandani za aina moja inayojulikana dunia nzima. Mtambo wa bunduki ya mtani ulichongwa kwa kufuata aina hiyo hiyo, lakini kwa mkono, na mtu mwenye mawazo yake. Kwa hiyo vipimo vilikuwa karibu sawa, na hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote katika kazi yangu. Suruali ikiwa karibu sawa unavaa mkanda. Triga ikiwa karibu sawa, kuna siku bunduki italia bila kuombwa.

"Halafu nataka iwe nyepesi," akaendelea. "Nyepesi sana. Nikiwaza tu, ilie."

"Ukiwaza? Basi haitalia kamwe."

Alicheka mpaka akaegemea jiliwa, lile koleo la mezani la kubania vyuma. Yule bwana alikuwa na kicheko kizuri, lazima niseme, na alikitumia kama watu wengine wanavyotumia mwavuli.

Ningemfukuza. Mara nyingi nimewafukuza watu wa namna ile, wakaenda kutengenezewa vichochoroni na watu wasio na leseni wala macho, nami nikalala usingizi wangu. Lakini kulikuwa na dada yangu. Dada ni mkubwa wangu, mjane, anaishi Mwera katika shamba aliloachiwa na mumewe: mahindi huku juu, mihogo kuteremkia bondeni. Mwaka ule nguruwe walikuwa wamempania. Wanatoka bondeni usiku, wanaingia mihogoni, hawali tu bali wanafukua na kulaza, na asubuhi unakuta kama trekta la mlevi limepita. Huko Mwera jambo hili lina utaratibu wake wa miaka mingi. Sisi Waislamu nguruwe hatumli, hatumgusi, na wengi hata jina hawataki kulitaja wakiwa na udhu. Lakini mihogo tunakula. Basi hupigiwa simu Wakatoliki wa makambini, wenye bunduki na kibali cha bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori. Sisi tunaswaga kwa madebe, wao wanasimama mwisho wa bonde wanapiga. Nyama ni yao yote, na sisi tunageuza nyuso wanapoipakia. Kila mtu anarudi nyumbani akimdharau mwenzake kidogo, na mihogo inapona.

Mwenye bunduki aliyekuwa tayari mwaka ule alikuwa mmoja tu, naye bunduki yake ilikuwa mezani kwangu haina triga.

Dada alikuwa akinipigia karibu kila siku. "Mdogo wangu, umekwisha? Jana wamemaliza mstari wa chini wote. Mtani wako anasema anakungoja wewe."

"Dada, kazi hii haiendeshwi kwa fimbo."

"Basi njoo uwaambie hivyo nguruwe."

Nikafanya kazi. Matundu ya pini yalilingana, na hapo ndipo mtu wa video angeshangilia. Lakini sefti, kile kitufe cha kuizuia bunduki isilie, ilisugua ukingo wa mtambo, na bolti ilipofungwa, kile kijino kidogo cha ndani kinachoizuia sindano ya kugonga risasi isiruke mbele kilikuwa kinashika kwa ncha tu, kama mtu anayening'inia dirishani kwa kucha. Nikawa naondoa chuma kwenye sanduku la triga, kidogo kidogo, kwa tupa laini, napaka wino nione panapogusa, nafunga, nafungua, napaka tena. Mtambo sikuugusa. Triga ukiiharibu utaagiza nyingine. Mtambo ule ukiukwangua, aliyeuchonga hayupo wa kuja kuufuta ujinga wako. Mpaka nikafika mahali ambapo kijino kilikaa chote, kizima, na sefti ikapanda na kushuka bila kugusa kitu.

Uzito niliupima kwa mizani ya kuning'iniza, ya wauza samaki, maana haidanganyi na ile ya dukani ya kipimo hicho sina. Niliiacha nzito kuliko alivyotaka. Kisha nikaipa mtihani ambao kila bunduki inayotoka kwangu lazima ifaulu: bunduki tupu, bolti imefungwa, sefti imetolewa, unakipiga kitako kwa ngumi, unakigongesha kwenye mkeka wa mpira ulioko sakafuni, unafunga bolti kwa hasira kama mtu anayegombana na mlango. Ikikaa kimya, mpe mwenyewe. Ikisema tik, umetengeneza mtego wa kuua watu. Yangu ilikaa kimya. Niliipiga mpaka ngumi ikawasha, na ilikaa kimya. Ilikuwa kazi nzuri, na sina unyenyekevu wowote katika hilo.

Ile triga ilikuwa na skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza uzito, iko mbele, inaonekana ukiinama. Niliifunga kwa tone la rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, ili mtu akiizungusha ijulikane. Mtani alipokuja kuchukua akavuta mara moja, akakunja uso.

"Hii nzito. Na umeipaka rangi ya kucha! Umeniozesha bunduki?"

Nikaacha utani. Nilimwambia kwa sauti ninayotumia na polisi: "Nisikilize. Skrubu hii usiiguse. Ukiilegeza, kile kijino kitashika kwa ncha, na siku utakayofunga bolti kwa nguvu itajipiga yenyewe. Utampiga mtu. Huko Mwera watu watakuwa mbele yako na pembeni yako, na mmoja wao ni dada yangu."

Alinitazama. Kwa muda mfupi sana nilidhani maneno yamefika. Kisha akakenua meno.

"Mzigua anaogopa bunduki! Ndiyo maana nguruwe wanachagua shamba la dada yako. Wameshaujua ukoo."

Akaondoka nayo begani, akicheka mtaa mzima.

Siku ya msako nilikwenda Mwera. Sikuwa na kazi huko. Mimi si mswagaji wala si mwindaji, na kelele za madebe zinaniumiza kichwa. Nilijiambia nakwenda kumwona dada. Nilimkuta tayari amejifunga kibwebwe, debe mkononi, na majirani wamekusanyika chini ya ukingo wa mahindi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kumwona mtani wako akipiga? Leo Mungu atatuauni."

Mtani alikuwa amefika na pikapu yake, kofia ile ya chui, fulana yenye mifuko mingi ambamo hakuna kitu, anazungumza na watu kama aliyetumwa na serikali. Bunduki ilikuwa mkononi. Nilimsogelea kama ninayetaka kumsalimia, nikainama, nikaitazama triga.

Rangi haikuwapo. Kulikuwa na mkwaruzo wa bisibisi, mpya, unang'aa, na kipande kidogo chekundu kimebaki pembeni.

"Umeigusa," nikasema.

"Kidogo tu. Sasa iko tamu. Ningekuwa nakungoja wewe ningewinda na fimbo."

"Irudishe kwenye gari. Leo hupigi."

"Mmesikia?" akawageukia watu. "Mzigua ananikataza kuwinda shambani kwa dada yake. Anawaonea huruma ndugu zake wa bondeni!"

Watu wakaangua kicheko. Nilipaza sauti. Nikasema bunduki ile ni mbovu, nikasema mimi ndiye niliyeitengeneza na mimi ndiye ninayesema itaua. Nikaapa. Nilisema Wallahi mbele ya watu wanaonijua kuwa siapi ovyo. Na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyozidi kucheka, maana katika Mwera nzima hakuna asiyejua kwamba sisi ni watani, na mtani akimshambulia mtani kwa jasho na viapo, huyo ndiye mtani hodari. Mzee mmoja alipiga makofi. Mtu mwingine akaniambia, "Yakhe, leo umempatia!" Niliwatazama wale watu, wenye akili zao, wenye watoto, wanaojua kupanda na kuvuna na kuhesabu mwezi, na sijapata kudharau kundi la watu kiasi kile.

Mambo mazito kati ya watani hupitishwa kwa mtu wa tatu. Nikamgeukia dada. "Dada, waambie wewe. Sifanyi mzaha." Na dada yangu, aliyeninywesha uji kwa kijiko, alikuwa anajipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga.

"Utani baadaye, mdogo wangu. Nguruwe wako bondeni wanatungoja."

Basi nikafanya lililobaki. Mtani ana haki ya kunyakua. Niliukamata mkanda wa bunduki nikavuta. Watu wakashangilia, wakatengeneza duara. Yeye hakukasirika, hakuruhusiwa kukasirika. Alishikilia kitako kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaivua kofia yake akanivika kichwani.

"Nimeikomboa!" akapiga kelele. "Kofia kwa bunduki!"

"Imekombolewa!" wakajibu wote.

Kitu kikishakombolewa kimekombolewa. Ningeendelea kuvuta ningekuwa nimevunja utani, yaani ningekuwa mwizi au adui, na mikono ya watu kumi ingenibandua. Nikauachia mkanda. Nilisimama pale na ngozi ya chui ya plastiki kichwani, nikatukana matusi ambayo hayakuwa ya utani, na hayo nayo wakayacheka.

Waliteremka. Waswagaji walizunguka kwa juu, dada katikati yao, na mtani akaenda kusimama mwisho wa bonde, juu ya kichuguu, mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona. Nilimfuata kwa nyuma nikabaki hatua chache upande wake wa kushoto. Mpaka leo sijui nilidhani nitafanya nini. Madebe yakaanza. Vichaka vikatikisika. Yeye akaingiza risasi, mtutu akaushusha kuelekea chini kama walivyomfundisha, kidole kiko nje ya triga kama walivyomfundisha, alifanya yote sawasawa; kisha akaifunga bolti kwa ule mkwaju wa kujionyesha anaoufanya mbele ya wageni wake.

Ikalia.

Nguruwe walipita kati yetu, jike kubwa na wanawe, wakaingia mihogoni, na hakuna aliyewatazama. Mtani alikuwa amekaa juu ya kichuguu akiutazama mguu wake wa kulia. Kiatu kilikuwapo bado, lakini kilikuwa kimekaa vibaya, na ndani yake hapakuwa na mguu wa kuitwa mguu.

Dada ndiye aliyefika wa kwanza. Alivua kanga ya juu akaifunga chini ya goti, akakaza kwa kijiti cha muhogo. Tulimpakia nyuma ya pikapu, dada akashika kijiti, mimi nikaendesha, na tulipofika Bweni, ukingoni mwa mto, kivuko kilikuwa ng'ambo. Daraja walikuwa bado wanalijenga. Nguzo zake zilikuwa zimesimama pale mtoni, nzuri, hazimvushi mtu.

Wakati wa kukingoja kivuko nilipanda nyuma nikamtukana. Nilimtukana kwa dhati, bila kupumzika, kwa hofu na hasira yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia kwamba ni mjinga, mwana wa mjinga, kwamba babu yake alikuwa na namba na bado alikuwa na akili kuliko yeye, kwamba Mungu alipokuwa akigawa ubongo yeye alikuwa anapiga picha. Naye, uso umekuwa wa majivu, alikuwa anacheka kwa kukatakata, na kila nikinyamaza anafungua jicho moja. "Sema... sema tena, Mzigua." Dada akaniashiria niendelee, maana mtani alipokuwa akicheka alikuwa hasinzii. Nikaendelea hivyo hivyo kivukoni mpaka mlango wa hospitali ya Pangani, na kutoka hapo wakampeleka Tanga kwa gari la wagonjwa.

Mguu waliukata chini ya goti. Polisi walichukua bunduki na maelezo yangu, wakaiona skrubu, wakaniambia niende. Na mji mzima ukapata la kusema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nililisikia kinyozini, nililisikia msikitini, niliambiwa na muuza kahawa kwa macho ya mtu aliyegundua dawa. Watu wale wale waliocheka Mwera walikuja karakanani kunipa mikono, kwamba mimi nilisema, kwamba mimi naona mbali. Niliwafungia mlango. Ukweli niliusema kwa sauti yangu yote wakaupigia makofi. Sasa methali, kwa kuwa ina vina, wanaielewa.

Kwenda kumwona nilichelewa. Nilijiambia ni kazi nyingi. Siku niliyokwenda nilinunua machungwa, nikajifua njiani: mtani huingia kwa mgonjwa na mzaha, ndiyo heshima yake, na nilikuwa nimeandaa mizaha ya kutosha. Nilimkuta amelazwa karibu na ukuta, amekonda, ndevu nyeupe ambazo sikujua kwamba anazo zimemwota. Shuka ilikuwa imelala kawaida mpaka gotini, halafu ikawa tambarare.

Nikaketi. Nikamenya chungwa. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Nikamuuliza kama chakula kinashuka, kama dawa anapata, kama watoto hawajambo. Nikamwambia pole. Nililisema neno hilo kwa upole, kwa huruma kabisa, na nikaliona likimpiga.

Akajiinua kwa kiwiko.

"Daktari kakwambia nini?" akauliza.

"Hajaniambia kitu."

"Usinifiche. Kakwambia nini? Nakufa?"

"Hufi. Nani kasema unakufa?"

"Mbona hunitukani, basi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hakuwa akicheka. "Mke wangu anasema pole. Padri anasema pole. Madereva wangu wanakuja hapa wananiamkia kama maiti. Nikasema moyoni, ngoja Mzigua aje. Nimekungoja wiki nzima. Umekuja, unanimenyea chungwa."

Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Ile dharau niliyoishi nayo miaka yote, niliyokuwa nikiamka nayo na kulala nayo, nilipenyeza mkono ndani nisikute kitu. Nilichokuta ni kwamba nampenda, tena kwamba naogopa, na hilo halina faida yoyote kwa mtu aliyekatwa mguu. Yeye alikuwa ameukaza mkono kwenye ukingo wa kitanda, ananitazama mdomo.

Nikaiweka sauti yangu ya karakana.

"Babu zako wote walikuja pwani kwa miguu, kutoka Tabora, na mizigo kichwani," nikamwambia. "Wewe kwenu utarudije? Utarukaruka?"

Kicheko hakikuja mara moja. Kilianza tumboni, kikamtikisa mabega, kikatoka na machozi, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kuangalia. Alipiga godoro kwa ngumi. Alinishika mkono wenye chungwa akaukamua, maji yakamtiririka, hakuuachia.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea, mpaka muuguzi akaja kunitoa.